Tupepeo twa ukutani na makoti yaliyotoboka: kesi moja ya Mapendo, Goma

Saa 12 na dakika 10 asubuhi telefone ikalia, ni shangazi, hata kusalimia hakuna: "Papa, amka, mwizi nimemupata. Angalia foto." Foto imepigwa na mkono unaotetemeka, ukuta mweupe, na katikati kitu cha rangi ya siagi kimelala kama punje ya mchele. Chini ameandika kwa herufi kubwa: HII NJO INAKULA MANGUO YANGU.

Shangazi anauza mitumba soko la Birere, zaidi makoti na mapulova, manake Goma iko kwenye mita 1,500 hivi na baridi ya usiku si mchezo, mvua ikianza koti nzuri halimalizi siku mbili mezani. Balo zake (marobota ya nguo) anaziweka nyumbani, mtaa wa Mapendo, kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Wiki ile alikuwa amekuta makoti 3 na pulova 1 vimetobolewa, alafu mteja mmoja akamrudishia koti mbele za watu akisema ameuziwa chujio. Kwa hiyo alipoona kila asubuhi tupepeo tumejipanga kwenye ukuta, juu ya mlango wa chumba kile kile, akaunganisha mambo mawili. Nani asingeunganisha? Mimi mwenyewe nilikubali pale pale kitandani, nikamwandikia "ndiyo shangazi, hao ndio wanakula nguo", na hilo ndilo kosa la kwanza la kesi hii, nimelifanya mimi niliyekuwa najiita mtaalamu wa wadudu.

(Vitabu vinasema nondo. Lakini ukimwambia fundi wa Dar akuletee nondo atakuja na chuma cha zege, sie huku tunasema kapepeo ka usiku na mambo yanaisha.)

Kilichonishtua ni ujumbe wake wa pili: ameshanunua bombe 2 za dawa ya mbu, atapuliza balo zote jioni, na kijana atakwangua ukuta wa mawe wa parsele (kiwanja) yote na kuupaka chokaa, "manake nao unajaa hawa." Nikamwomba anipe usiku mmoja tu. Akasema mmoja, si miwili.

Nilifika na shuka jeupe, rula ya mtoto wa shule, chupa tupu za konfitiri na tochi. Kabla sijawasha hata tochi nikaona lampi ya nje, ile LED nyeupe kali inayoumiza macho, imefungwa juu kabisa ya mlango wa chumba cha balo. Nilitaka kucheka nikajizuia. Mtu ameweka taa inayoita wadudu wa mtaa mzima juu ya mlango wa ghala lake alafu anashangaa wamejaa mlangoni. Kapepeo ukikakuta kwenye taa, taa haikuambii kametoka wapi, inakuambia tu kamepita karibu. Ni kama kumkuta mtu kwenye stasio ya basi ukasema hapa ndipo anapolala.

Saa 3 usiku nikahesabu 19 ukutani, kati yao 14 ni wale wa rangi ya siagi. Nikafunika kamoja na chupa, nikakaweka kwenye friji dakika 10 kapoe (hakafi, kanatulia tu, na kakitulia unaweza kukaangalia bila kukimbizana). Kutoka kichwa mpaka ncha ya bawa, mm 14. Kichwa na mabega ni njano iliyoiva, mabawa yamepauka, hayana doa hata moja, na yamekunjwa bapa, moja limepita juu ya lingine na kuubana mwili kama mama aliyejifunga kitenge haraka kwenda kufungua mlango. Kulikuwa na kengine kamekufa kwenye kioo cha lampi, hako nikakafungua bawa kwa sindano. Bawa la nyuma lilikuwa pana, laini, lina pindo fupi tu pembeni.

Hapo ndipo nilipoanza kujuta ule ujumbe wangu wa asubuhi. Wale wala-nguo, familia ya Tineidae, bawa lao la nyuma ni jembamba na pembeni lina nywele ndefu kama ufagio, kichwa kina manyoya yamesimama kama mtu ametoka kitandani, na wenyewe ni wadogo zaidi, mabawa yakifunguliwa toka ncha hadi ncha ni mm 9 mpaka 16. Kangu kalikuwa na kichwa kilicholazwa vizuri na kalikuwa karefu kupita kiasi. Si mla-nguo. Wa unga pia si yeye, yule wa mahindi na unga bawa lake lina rangi mbili, nusu ya mbele imepauka na nusu ya nyuma ni kama shaba, huwezi kumchanganya.

Basi ni nani? Nikasema ni wa majani. Kuna kundi kubwa la tupepeo twembamba tunaokaa kwenye majani, wa Crambidae, mchana wanajiviringisha kwenye ubua mpaka huwaoni, na jirani wa shangazi ana kipande cha majani ya mbuzi nyuma ya choo. Nilikuwa na uhakika kabisa, nikamweleza shangazi kwa kirefu, akawa anatikisa kichwa anasema "njo ivo", na kesho yake jioni (usiku wa pili niliupata kwa kubembeleza) nikaingia kwenye yale majani na fimbo. Nikapiga fimbo, tupepeo tukaruka, nikakamata 6. Wote 6 wana vitu viwili vinavyochomoza mbele ya kichwa kama mdomo wa ndege, virefu, huhitaji hata kioo cha kukuzia. Nikarudi kwa yule wa siagi kwenye chupa: hana mdomo. Mbele ya uso wake pamekaa bapa. Jirani akauliza kwa nini nampigia majani ya mbuzi usiku, sikuwa na jibu zuri.

Mara mbili nimekosea, na mara zote mbili kwa njia ile ile, nimeangalia umbo nikakimbilia jina. Nikakaa kwenye kibao nikajiuliza swali lingine: hapa Mapendo kuna nini kingi kuliko kitu kingine chochote ambacho mtoto wa kapepeo anaweza kula? Manake kapepeo mkubwa anaishi siku au wiki chache, wengine hata hawali, mwenye kula sana ni mtoto, na mtoto haruki, lazima awe karibu na chakula chake. Miti hakuna ya maana. Majani ni yale ya mbuzi. Kilichobaki ni mawe.

Na mawe ndiyo mtaa wenyewe. Tarehe 17 januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ilipasuka na lava ikashuka katikati ya mji mpaka ziwani, nyumba ya kwanza ya shangazi iko chini ya tulipokuwa tumekaa, na hii ya sasa aliijenga juu, na ukuta wa parsele ni mawe yale yale yamepangwa. Ukuta una miaka mingi sasa na mawe si meusi tena. Yameshikwa na ile ngozi ya kijivu, sehemu nyingine ya rangi ya machungwa, na kwenye mawe ya chini kuna vile vichaka vidogo vyeupe vyeupe kama matumbawe. Hiyo ni likeni, kuvu na mwani wanaishi pamoja kitu kimoja. Ile ya vichaka ni Stereocaulon, ukipanda barabara ya Rutshuru utaikuta imepaka lava nzima kijivu, ndiyo ya kwanza kufika kwenye jiwe jipya, na ndani yake ina bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani, ndiyo maana inaishi pale ambapo udongo haujazaliwa bado.

Saa 4 usiku nikazima lampi (shangazi akalalamika wezi wataingia) nikapita na tochi nikaimulika ukutani kwa ubavu, si mbele, ili kila kitu kitoe kivuli. Dakika 20 hakuna kitu. Alafu kwenye jiwe la tatu kutoka kona, kwenye ngozi ya kijivu, kipande cha likeni kikatembea.

Kiwavi cha urefu wa ukucha wa kidole kidogo, kijivu na kijani chafu, kina nywele fupi zimetoka kwenye vivimbe, kichwa cheusi kinang'aa. Nikanyamaza kabisa. Kinasogeza kichwa kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria na kijiko, na pale kilipopita jiwe linabaki jeusi, safi. Nikamwita shangazi aje aone. Akainama na kitenge chake, akatazama muda mrefu, akauliza, "Iko inakula jiwe?" Nikamwambia inakula kile kilicho juu ya jiwe. Akasema, "Kwa hiyo manguo haijui."

Lakini kumwona mtoto kwenye jiwe na mama kwenye taa haitoshi kusema ni familia moja, hapo ndipo watu wengi wa foto wanapodanganyana. Nikachukua viwavi 3 na vipande vya mawe vyenye likeni, nikaweka kwenye chupa na kitambaa juu. Vikafa viwili, kosa langu, nilinyunyiza maji kila siku mawe yakaota ukungu, wakati hawa wamezoea kulowa usiku na kukauka mchana. Wa tatu akajifunga kwenye utando mwembamba wenye nywele zake mwenyewe, na wiki ya tano asubuhi nikamkuta amekaa kwenye kioo: rangi ya siagi, kichwa njano, kitenge kimefungwa bapa. Hapo nikaandika kwa mara ya kwanza bila wasiwasi: Lithosiini, kundi la Arctiinae, familia ya Erebidae, ambao wengi wao watoto wanakula likeni na mwani wa kwenye mawe na magome. Mwenyeji kabisa wa lava.

Sasa nguo nani anakula? Hili sikungoja wiki 5, nililifanya asubuhi ya siku ya tatu, manake bombe zilikuwa bado mezani na shangazi anaziangalia.

Cha kwanza niliomba anionyeshe vilivyotobolewa vyote pamoja na ambavyo havikuguswa. Makoti 3 ya leni (sufu) na pulova 1 ya leni. Mashati ya pamba kwenye mfuko ule ule, mazima. Majaketi ya nailoni, mazima. Yaani aliyeingia anajua kuchagua, na anachochagua ni nywele za mnyama. Mtoto wa mla-nguo anaweza kumeng'enya keratini, kile kitu cha kwenye sufu, nywele, manyoya, kucha, pembe, na wadudu wachache sana wanaweza hiyo kazi. Pamba kwake si chakula, labda iwe imechanganywa na sufu au imejaa jasho na mafuta ya mwili. Na matundu yalikuwa wapi? Chini ya kola na kwapani. Pale pale penye jasho la mzungu aliyelivaa.

Tukazima taa, tukafunga mlango, tukakaa gizani dakika kama 15 tukisikia tu chukudu (zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo) zinapita nje, alafu nikainua kola ya koti la bluu na kuwasha tochi. Tulikuwa na bahati. Vitu viwili vikakimbia, narudia vikakimbia, havikuruka, vikakimbilia ndani ya mkunjo kama panya. Mm 6 au 7, dhahabu inang'aa, kichwani fungu la nywele nyekundu-dhahabu. Chini ya kola kulikuwa na utando kama vimirija vya hariri, na ndani kiwavi cheupe chenye kichwa cha kahawia, na kando yake punje ndogo ndogo ambazo shangazi alikuwa anazifagia kila siku akidhani ni mchanga wa lava. Nikaziweka kwenye karatasi. Ni za bluu. Tukainua koti jekundu, punje nyekundu. Ni mavi yake, rangi ya nguo inapita tumboni inatoka vilevile. Shangazi akapiga makofi, "Mungu wangu, anakunya koti yangu!" na kuanzia hapo sikuhitaji kumshawishi tena.

Huyo ni Tineola bisselliella. Kuna ndugu yake, Tinea pellionella, huyo mtoto wake anatembea na kifuko alichojishonea mwilini popote anapoenda, na mkubwa ana madoa 3 meusi kwenye bawa. Hapa hakukuwa na kifuko kinachotembea, mirija ilikuwa imegandishwa kwenye nguo, na mabawa hayana doa, kwa hiyo ni wa kwanza. Na ona jambo hili: mla-nguo mkubwa anachukia mwanga. Zile siku zote shangazi alikuwa anahesabu wa ukutani, kwenye lampi, mwizi mwenyewe hakuwahi kutokea hata mara moja kwenye hesabu yake. (Madume huruka ruka gizani kidogo, majike yenye mayai ni mazito, yanatembea tu. Wote hawali, mdomo haufanyi kazi, hasara yote ni ya mtoto.)

Kuna kitu kingine nilimsomea shangazi tukinywa chai na yeye hakukipenda. Huyu mdudu alipewa jina 1823 huko Ulaya na watu wakamzoea kama wa kabati za Ulaya, lakini 2011 watafiti wa Berlin waliandika kwamba asili yake inaonekana ni huku, Afrika ya kati au ya kusini, na kwamba alifika Ulaya si zamani sana, kwenye karne ya 18 kuelekea ya 19, huenda amepanda meli ndani ya ngozi na manyoya ya wanyama. Sasa amerudi kwenye balo. Shangazi akasema basi angerudi na nauli yake.

Ndugu zake ambao hawakusafiri bado wako. Porini kazi yao ni viota vya ndege na mizoga, vitu vikavu ambavyo fisi na mbwa wameviacha. Kuna mmoja, Ceratophaga vastella, mtoto wake anakula pembe, pembe kabisa ya nyati au swala aliyekufa, na anajenga vidole vya udongo na mavi yake vinavyochomoza kwenye pembe kama zimeota mizizi. Ukikuta fuvu la nyati lenye vidole hivyo, hapo kuna Tineidae wanafanya kazi ile ile waliyoifanya kwenye koti la bluu.

Kuhusu dawa, fupi tu. Bombe ya mbu kwenye balo iliyobanwa haifiki ndani ya mkunjo, inabaki juu na kuishia kwenye mikono ya mteja. Makoti ya leni tuliyatenga na vingine vyote. Manne yaliyokuwa na mirija (makoti 3 na ile pulova) yaliingia mifuko miwili miwili ya plastiki, yamefungwa kabisa, yakalala wiki nzima kwenye konjelateri ya rafiki yake anayeuza samaki wa barafu, kwenye -18, na shangazi aliapa yakitoka na harufu ya samaki nitayanunua mimi. Hayakutoka na harufu. Mengine tuliyapiga brosi kwenye mishono na chini ya kola, tukapita na pasi ya makala (makaa) juu ya kitambaa chenye maji, mvuke unaua mayai. Chumba kikafagiliwa mpaka kwenye nyufa, manake nywele na vumbi la sufu kwenye ufa linatosha kulea watoto wengine. Nikaacha kartoni yenye gundi ya panya kwenye kona ya giza, baada ya wiki ikawa na 2, baada ya wiki nyingine 0. Sifuri ya kartoni si ushahidi mkubwa, lakini matundu mapya pia hatujayaona.

Lampi ikahamishwa mpaka kwenye geti na ikabadilishwa, sasa ni ya njano. Ukuta haukukwanguliwa.

Kilichobaki ni jina, na hapo shangazi ananisumbua kila nikipita. Nilipofika Lithosiini niliona kama ni jenasi ya Eilema, ina sura hiyo, lakini Afrika imejaa spishi zenye rangi ya siagi na kichwa njano zinazofanana kama mapacha, na wataalamu wenyewe wanazitenganisha kwa kufungua tumbo na kuangalia viungo vya uzazi chini ya mikroskopu, alafu kulinganisha na vile vilivyohifadhiwa, vingi vya Kongo viko makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Foto ya telefone haifiki huko. Nimemuweka kwenye kaboksi na pini, na karatasi yenye maneno: Goma, Mapendo, ukuta wa lava ya 2002, kiwavi kwenye likeni, saa 4 usiku. Nimemwambia shangazi hiyo karatasi ni ya maana kuliko jina, siku mtu akimfungua atajua alitoka kwenye jiwe na si kwenye lampi. Yeye anamwita Kamawe. Watoto wa parsele nao wameshika, usiku wanapita na tochi ya telefone kuhesabu Tumawe, juzi wamefika 11 na wakapigana kama wa 12 alikuwa likeni tu.

Jana amenipigia tena, saa 12 ile ile. Balo mpya ya makoti imefika na chukudu, ameikataza kuingia ndani, iko nje juu ya lava imefunikwa plastiki, na hakuna atakayeigusa mpaka mimi nije nimulike chini ya kola ya kila koti. Ameshayahesabu kwenye karatasi ya balo. Ni 42.